Bendera Ilikaa Kichwa Chini Siku Tatu na Hakuna Aliyeona

Vijana wa mtaani kwetu hapa Morogoro waliniomba niongee kidogo kwenye mkesha wa tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru. Nikaongea, alafu wengine ambao hawakuwepo wakaomba niiandike. Nimeandika kama nilivyoongea, sijanyoosha sana, mtanisamehe.

Wazee wenzangu shikamooni. Vijana hamjambo. Na nyie wanangu mliokaa kwenye matofali kule nyuma sogeeni bwana, viti vipo, hakuna anayekula mtu hapa.

Sasa mmenipa mada kubwa, "utaifa wetu", na mimi nimefundisha shule ya msingi karibu miaka arobaini, najua kabisa neno kama hilo ukiliandika ubaoni darasa zima linaanza kupiga miayo. Kwa hiyo sitaanza na uhuru wala Muungano wala hotuba za nani. Ntaanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa 1987, shule moja huko mkoani Ruvuma, na wiki ile mimi ndo nilikuwa mwalimu wa zamu. Jumatatu asubuhi filimbi, paredi, ngoma ya shule inapigwa, bendera inapanda, watoto wanaimba wimbo wa taifa na mimi nimesimama wima kama mlingoti wenyewe. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo. Jumatano mchana akapita mzee mmoja na baiskeli, kapakia mkungu wa ndizi nyuma, akasimama pale barabarani akawa anaangalia juu, anaangalia, akaegesha baiskeli kwenye mti akaja mpaka mlangoni ofisini. Shikamoo baba, marahaba. Akauliza, "Mwalimu, hapa kuna msiba?" Nikasema hapana, kwa nini? Akasema, "Naona majani yako chini na bahari iko juu."

Nilitoka nje mbio. Kweli. Bendera yetu kijani kinakaa juu upande wa mlingoti na bluu inakaa chini upande ule unaopepea, kijani ndo ardhi na mimea yake, bluu ndo maji, katikati weusi ndo sisi wenyewe na ile mistari ya njano ndo madini. Mtoto aliyefunga kamba Jumatatu alikosea, na kila siku wakawa wanaishusha bila kuifungua wanaipandisha hivyo hivyo. Watoto zaidi ya mia nne na walimu saba, siku tatu tumeiimbia bendera iliyosimama kwa kichwa na hakuna hata mmoja aliyeona! Kaja kuona muuza ndizi.

Miaka mingi nilikuwa nasimulia kisa hiki kama aibu yangu. Siku hizi nakiangalia tofauti kidogo. Hivi wewe mlango wa nyumba yako una bawaba ngapi? Hujui, na unaufungua kila siku. Kitu kikishakuwa chako kabisa unaacha kukiangalia, unakitumia tu, na mimi nadhani vitu vingi vinavyotufanya tuwe Watanzania viko hivyo hivyo, tunavifanya huku tunawaza mambo mengine. Gwaride la kesho uwanjani ni zuri, ndege zitapita, tutapiga makofi. Ila hiyo ni siku moja, na zile nyingine mia tatu na kitu nani anazishika?

Tuanze na kilichotokea hapa hapa dakika kumi zilizopita. Mimi nimeingia, nyie wote mmeniamkia. Hakuna aliyewalazimisha. Sasa mimi ni Mpare wa Same, kwetu tuna Chasu chetu na tuna salamu zetu za asubuhi na za jioni, na Mngoni ana zake, Msukuma ana zake tena ndeeefu unaweza ukakaa barabarani robo saa mnasalimiana tu. Shikamoo si ya kwetu sisi wa milimani, imetoka pwani, na wazee wanasema maana yake nashika miguu yako, kwa hiyo mwanzoni haikuwa na heshima hii tunayoiona, ilikuwa ya mdogo kwa mkubwa wake, ya mnyonge kwa bwana. Angalia tumeifanya nini. Leo waziri akishuka kwenye gari akamkuta bibi anakaanga vitumbua, waziri ndo anaanza. Cheo kimekaa pembeni, umri ndo umeshika usukani. Mwanangu wa pili anaendesha lori la mizigo, anasema akifika Nairobi akimwamkia mtu shikamoo, kabla hajamaliza wameshamjua ametoka nchi gani, wanacheka, alafu wanamuitikia.

Kingine kile cha saa kumi na mbili jioni. Waliokulia karibu na kituo cha polisi wanakijua. Filimbi inapigwa, bendera inashushwa, na barabara nzima inaganda. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye ndoo kichwani anasimama nayo hivyo hivyo, hata mnaogombana mnanyamaza kwanza, alafu filimbi ya pili mnaendelea pale mlipoishia. Niliwahi kuona mwizi wa kuku na waliokuwa wanamkimbiza wote wamesimama, naapa, kila mtu kahesabu pumzi zake, filimbi ya pili mbio zikaanza upya. Siku hizi bodaboda anapita tu, kaweka spika za masikioni hasikii kitu. Sisemi kwa kulaumu, nasema nimeona.

Lakini kama mngeniambia nichague kitu kimoja tu, ningechagua redio, na hapa mniachie nafasi kidogo niongee.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa Songea. Mtoto wa Same, sijawahi kuvuka hata Dar es Salaam, napewa barua nenda Ruvuma. Nililia. Safari ilikuwa siku tatu, Same mpaka Dar, Dar tukalala, alafu basi la Iringa, Makambako, Njombe ndo unateremka Songea vumbi mpaka kwenye nyusi. Kule nilikuwa simjui mtu. Kitu pekee nilichokijua ni ile ngoma ya taarifa ya habari ya Redio Tanzania saa mbili usiku, maana ndo ile ile aliyokuwa anaisikiliza baba yangu Same, na alikuwa haruhusu mtu kukohoa. Betri zikiisha nguvu tunazianika juani mchana kutwa ili usiku zitoe japo sauti ya mbu, na walimu wote wa nyumba zile nne tunakusanyika kwa mwenye betri zenye afya.

Alafu kulikuwa na matangazo ya vifo. Vijana hamyajui haya. Msomaji anasoma taratibu kabisa, ndugu fulani wa Kigoma anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi kilichotokea siku fulani, habari ziwafikie fulani wa Nachingwea, fulani wa Mpanda, fulani wa Tarime, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Kila siku. Watu ambao hatuwajui, na tunawasikiliza wote mpaka wa mwisho, hakuna anayezima. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa anasema "maskini" kwa kila mmoja, mmoja mmoja.

Mimi ramani ya Tanzania nilifundisha kwa rula, mikoa na makao makuu yake, watoto wanakariri kama dua. Ila nchi nilijifunza pale kwenye mkeka. Ndo nikaelewa kwamba mama wa Kigoma ana mtoto Nachingwea, mzee wa Musoma ana mkwe Sumbawanga. Na hiyo haikutokea kwa bahati mbaya, watu walitawanywa makusudi. Mwalimu, nesi, polisi, bwana shamba, unapangiwa mbali na kwenu. Ukifaulu sekondari unapelekwa bweni mkoa usioujua. Kijana akienda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lilianzishwa 1963, anakuta kalala kitanda cha juu ni Mmakonde, cha chini ni Mhaya, na jembe ni moja. Wakati ule tulinung'unika sana. Mimi nilinung'unika kuliko wote.

Mwaka 1989 siku moja tumekaa hivyo hivyo, matangazo yanasomwa, nimeshika kikombe cha chai. Nikasikia Same. Nikasikia jina la baba yangu mdogo. Alafu nikasikia habari ziwafikie, na jina langu, mwalimu fulani wa Songea. Sijui niseme nini kuhusu hiyo hali, kusikia jina lako linatoka kwenye redio na nchi nzima inasikia pamoja na wewe. Sijainuka hata kwenye mkeka na tayari majirani wameanza kuingia, wale ambao na wao walikuwa na redio zao, wanakuja na mikeka na kuni, Wangoni, Wayao, Wamatengo, hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Same wala kumuona huyo baba mdogo. Walilala kwangu. Asubuhi walikuwa wameshachanga nauli. Kuzika sikuwahi, nilikuta kaburi limeshafukiwa siku mbili nyuma, ila arobaini nilikuwepo.

Haya, turudi. Mnaniangalia kama mnataka kulia, acheni.

Kwa sababu ya hiyo Songea nilipata na mume, Mngoni, yule pale anajificha. Na kupitia yeye nikapata kitu kingine ambacho sisi wenyewe tunakichukulia poa sana, utani. Sisi Wapare watani zetu Wachaga, wanatusema eti Mpare atauza ng'ombe apate hela ya kufungulia kesi ya kuku, na sisi tunawasema ya kwao kuhusu hela, mnayajua. Sasa watani wa Wangoni ni Wahehe. Baba mkwe alipofariki, 1991, nyumba nzima ilikuwa nzito. Mama mkwe siku mbili hajatia neno mdomoni. Jirani yetu bwana shamba, Mhehe wa Iringa, mtu mstaarabu kabisa wa kuvaa tai, akaingia chumbani bila hodi, akatoka amevaa koti la marehemu na fimbo yake, akaanza kutembea kama marehemu, na kile kikohozi chake, na ile tabia yake ya kusimama kila hatua tano anashika kiuno anaangalia mawingu. Kamuiga sawasawa! Alafu jeneza lilipotolewa akalala chini mbele ya wabebaji, haliendi, mpaka apewe hela ya sigara anayomdai huyu Mngoni tangu zamani, na akatukana ukoo mzima, mmezoea kukimbia madeni, hata huyu anakimbia. Mama mkwe alicheka. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka, na kile kicheko kikageuka kilio, na ndo kwa mara ya kwanza akalia vizuri.

Na mjue hao watu babu zao walichinjana. Mwishoni mwa miaka ya 1870 na kuendelea Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kweli kweli, vya mikuki. Kizazi kilichofuata badala ya kuweka kinyongo kikaweka matusi ya halali. Yule bwana shamba hakuwa anafikiria umoja wa kitaifa, alikuwa anataka hela ya sigara. Na alipewa.

Sasa nisiwapambie kila kitu. Haya mambo yana bei na mimi nimelipa. Nyumbani kwangu baba Mngoni, mama Mpare, lugha ya mezani Kiswahili, na watoto wangu watatu hakuna anayejua Chasu wala Kingoni. Mama yangu kabla hajafariki alikuwa anaongea na wajukuu zake kwa Kiswahili cha kuokoteza, anatafuta neno, halipati, anawapa ndizi badala yake. Kila nikisikia watu wanasifia kwamba Kiswahili kimetuunganisha, na kweli kimetuunganisha, mimi mwenyewe nisingeolewa bila hicho, namkumbuka mama na zile ndizi. Sina jibu la hilo, nimelitaja tu lisipite kimya.

Na picha za ukutani. Kila ofisi, kila duka, Rais yupo na Baba wa Taifa yupo pembeni yake. Nilipostaafu nilifuatilia karatasi zangu kwenye ofisi moja, sitaitaja, nimekaa kwenye benchi siku nne nawaangalia wale wawili juu ya kichwa cha karani, vioo vimefutwa vinang'aa, na chini yao karani anachati kwenye simu alafu ananiambia mama njoo kesho. Nikawa nawaza hawa wazee wawili wangeweza kufungua midomo ingekuwaje. Ndo maana mimi na vitu vya kuamriwa hatuelewani sana. Mwenge pia, nawaambia ukweli, nimepanga watoto barabarani tangu alfajiri na majani mikononi, jua linawachoma, mmoja amezimia, alafu Mwenge umepita juu ya gari kwa kasi vumbi limetupiga tukaimba kwenye vumbi na umeshaondoka. Michango tulikuwa tumeshatoa. Lakini hapo hapo nisiwe mnafiki, kwa sababu wale watoto nikikutana nao leo watu wazima na vitambi, wanachokumbuka si hesabu nilizowafundisha, ni siku ile ya vumbi, na wanacheka, na hata yule aliyezimia anajisifia. Na redio niliyoisifia nayo ilikuwa ya serikali. Kwa hiyo sijui, labda kitu kinaanza kwa amri alafu watu wanakiiba wanakifanya chao.

Hela ndo hivyo hivyo. Mpaka 1966 tulikuwa tunatumia shilingi moja na Wakenya na Waganda. Ikaja yetu. Benki Kuu inachora tembo kwenye elfu kumi, kifaru kwenye elfu tano, simba kwenye elfu mbili, kazi nzuri, ila mtaani majina tumeweka wenyewe, buku, jero, msimbazi. Na daladala! Dala ilikuwa shilingi tano, nauli ya enzi hizo, leo hiyo shilingi tano huipati hata chini ya kochi lakini kila asubuhi konda anaiita na abiria mnapanda. Mnapanda kwenye nauli ya bibi zenu bila kujua.

Wimbo wa taifa nao, nilikuwa nawauliza watoto swali moja kila mwaka, mbona tunaanza na Mungu ibariki Afrika, nchi yetu inakuja ubeti wa pili? Wanakuna vichwa. Muziki wenyewe ni wa Enoch Sontonga, Msauzi, alitunga 1897, na alikuwa mwalimu, hilo nalisema kwa sauti kila mara. Wazambia wanaimba sauti hiyo hiyo kwa maneno yao, Wasauzi wenyewe wanayo ndani ya wimbo wao. Mtu wa nje anaweza akasema hawa hata wimbo wameazima. Sawa, tumeazima, na kwa kuwa umeazima lazima uanze kumuombea mwenye nyumba.

Na kabla ndugu yangu yule wa Pemba hajaniuliza, najua, Zanzibar mna bendera yenu tangu 2005 na kwenye kona ya juu mmeiweka hii ya Muungano, na wimbo wenu mnao. Mimi hainisumbui. Ile bluu kwenye hii yetu mmeileta nyie 1964, na yule muuza ndizi aliiona imekaa vibaya kabla yetu.

Nilimalizia hapo nikataka kukaa, kijana mmoja akanyoosha mkono. Akasema mwalimu, hayo matangazo ya vifo hayapo tena, redio tunasikiliza muziki na mpira, sasa sisi tunashikwa na nini? Swali zuri na nilikosa jibu papo hapo, nikatia mkono kwenye mkoba nitafute miwani, na miwani ikatoka na simu, nikaamua nimsomee kitu.

Nipo kwenye grupu la WhatsApp la wanafunzi wangu wa ile shule ya Ruvuma, ile ya bendera. Wiki mbili zilizopita amefariki mmoja wao. Aliyetuma ujumbe ni fundi magari, ana miaka kama arobaini na tano hivi. Ujumbe unafika kwa watu wote sekunde ile ile, na majina ya watu wa grupu yanaonekana pale juu, hakuna haja ya kumtaja mtu. Ila ameandika hivi, nikawasomea: "Familia inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu. Habari ziwafikie walioko Mbinga, Tunduru, Dar, Mwanza, na dada yetu aliyeko Muscat, pamoja na mwalimu wetu wa Morogoro, na ndugu na jamaa wote popote walipo."

Chini yake majibu yalikuwa yameshaanza, pole, pole sana, na namba ya kutumia rambirambi.